Usiache Kazi Kwanza, Pude

Mwamkulu, Mpanda
Jumapili, 11 Mei 2025

Mwanangu Pudensiana,

Natumaini barua hii inakukuta hapo Tabora ukiwa mzima, na kile kikohozi cha vumbi la stoo kimekuachia. Sisi huku tupo, Mungu anatushikilia. Baba yako mguu umepoa, anaenda shambani na kurudi bila fimbo. Mpunga tumevuna na haukutuangusha. Mama Imakulata wa ng'ambo ya barabara anakusalimu, ingawa salamu zake siku hizi zina pilipili, nitakueleza.

Barua hii anakuletea Sylvanus, huyo huyo anayetuletea mizigo yako, anapanda treni kesho. Nina maombi mawili. La kwanza, usimpe Sylvanus mzigo wa kurudi nao. Hata uwe mdogo. Hata bosi wako awe ameutoa bure. La pili, ile barua ya kuacha kazi uliyosema unaikabidhi mwisho wa mwezi huu ili uje kufuga kondoo na mimi, iache kwenye mkoba mpaka umalize kusoma hii yangu, mpaka chini kabisa kwenye jina. Utashangaa kwa nini naandika na simu ninayo. Kwa simu nimejaribu mara tatu, Pude, na mara zote tatu mdomo umenigeuka. Kalamu haina haraka. Na mimi darasa la saba nilimaliza wa tatu kwa mwandiko, mwalimu alikuwa anainua daftari langu kuwaonyesha wengine, kwa hiyo utasoma bila shida.

Sasa tuanze na hizo chupa. Chupa sita za kunyonyeshea wanakondoo, zenye chuchu nyekundu! Boksi lilichanika kwenye bodaboda kutoka stesheni, na Sylvanus akapita nalo barabara nzima chuchu zikiwa zinachungulia nje. Hajafika kwetu, Mama Imakulata kashavuka barabara kuja kunipongeza. Aliniuliza kama ni mapacha au ni watatu, akasema kwa umri wa mume wangu mzee Maduhu serikali ingempa medali. Baba yako aliingia ndani hakutoka mpaka jua lilipopoa. Mimi nilicheka na wao, nifanye nini? Lakini moyoni nilikuwa nachemka.

Kabla ya chupa ilikuwa mizani. Uliniuliza dume ameongezeka kilo ngapi, nikakuambia ameongezeka sana. Ukauliza sana ni kiasi gani. Nikasema nitajuaje na mizani sina. Wiki mbili, mizani hiyo hapo, ya kuning'iniza, mpaka kilo mia. Tumeifunga kwenye kenchi ya banda na inapima mpunga wa Mwamkulu nzima. Siwezi kukuficha, hapo nimepata heshima. Watu wanakuja na magunia yao wananiambia Mama Pude una mtoto, na mimi nawaambia mtoto wangu ndiye meneja wa duka lote la vifaa vya mifugo pale Tabora. Najua wewe ni msaidizi wa meneja. Hayo maneno mawili ya mbele huwa siyatamki.

Lakini Pude, huchoki? Nilikuambia wanachechemea, ukaleta mkasi wa kwato. Nikakuambia jiwe la chumvi linakaribia kuisha, ukaleta mengine mawili. Yako chini ya kitanda, nikifagia najigonga vidole. Ukaleta mkasi wa kukata manyoya, mkubwa kama wa fundi bati, eti ulikaa dukani miaka miwili bila mnunuzi. Hakuna aliyeununua kwa sababu kondoo wetu hawa wa mkia wa mafuta manyoya yao ni mafupi kama ya mbuzi! Baba yako anaukatia uzio wa minyaa, na anasema kwa kazi hiyo haujapata kutokea. Gambuti peke yake sina la kusema, nazivaa mpaka kwenye mkutano wa kijiji.

Halafu hereni. Wewe mwenyewe ulipokuja likizo Agosti uliwavalisha wote kumi na wanne hereni za njano, namba moja mpaka kumi na nne, wakawa wanatembea kama maharusi. Mwezi wa pili nikakutumia picha, ukapiga simu hapo hapo, mbona masikio yao hayana hereni? Nikasema zimedondoka. Ukasema haiwezekani zote. Nikasema ndiyo hivyo. Ukaleta pakiti nzima nyingine na koleo jipya la kuzifungia, ukisema lile la kwanza lazima lilikuwa bovu. Hata kiwanda ukakilaumu! Mtoto gani wewe, unamlaumu kila mtu isipokuwa mama yako.

Hapo ndipo kalamu inapotaka kugeuka, lakini leo naikamata.

Unakumbuka roli mbili za waya wa fensi ulizozileta Septemba. Ulinielekeza kwa simu taratibu kama unamfundisha mtoto wa chekechea. Nizungushe zizi lote, waya uzikwe shubiri moja chini, kwa sababu mvua zikianza fisi wanasogea na boma letu la miiba limezeeka. Nilikuitikia ndiyo, ndiyo, nimeelewa. Na nilielewa.

Lakini wiki ile ile Mama Imakulata alikuwa amemaliza ukuta wake wa matofali, upande wa barabarani, na geti la bati akalipaka bluu. Kila anayepita anasimama. Anasema kajengewa na mwanawe aliyeko Mbeya. Na mimi nimekaa uani na roli mbili mpya zinazong'aa, kutoka kwa mwanangu, nikazifiche nyuma ya nyumba kwenye zizi ambako hakuna anayepita ila kondoo wenyewe?

Nilimwita Ladislas, yule fundi kutoka Katumba. Aliuliza zizi liko wapi, nikamwonyesha barabarani. Akasema waya huu naona ni wa mifugo. Nikamuuliza yeye ni fundi wa kuchimba mashimo au ni bwana mifugo. Akaanza kuchimba. Pude, ilipendeza! Nguzo kumi na mbili, waya umenyooka, geti dogo katikati. Watu walikuwa wanapunguza mwendo. Nilisema moyoni nikivuna mpunga nitanunua waya mwingine wa zizi, miezi michache tu, nani atajua.

Novemba, mvua ya pili, asubuhi nilipotoka nikaona boma limefumuka upande wa mtoni. Fisi waliingia. Angekuwa mbuzi angelia tukaamka. Kondoo unawajua, wanachinjwa wamenyamaza. Sitaki kukuandikia nilichokiona. Nilihesabu, nikahesabu tena, baba yako akanishika mkono akasema acha. Kumi na wawili wamekwenda, na dume akiwemo. Wamebaki majike wawili, yule mwenye doa jeupe usoni na yule mwembamba uliyesema tumuuze.

Huo ndio ukweli, mama yangu. Kondoo wako ni wawili, tangu Novemba. Hawajawahi kufika ishirini na wawili niliokutajia. Hakuna aliyezaa mapacha. Dume hana kilo hata moja.

Ulipopiga simu jioni ile ile, kitu cha kwanza ulichouliza ni kama waya umefungwa. Nikasema umefungwa vizuri sana, na huo haukuwa uongo. Ukauliza kondoo, nikasema wazima. Baada ya hapo ningerudi vipi? Kila uliponiuliza nikakupa jibu, na kila jibu likarudi kwangu limo ndani ya boksi. Nimekaa hapa nimekukasirikia kwa chupa na mikasi, na kila kimoja nilikiagiza mwenyewe kwa mdomo wangu. Zile picha nilipiga Kasekese, ni kondoo wa Mzee Manyanda. Nilimwomba awapange upande wa kilima nipate na mlima nyuma. Akaniuliza ni za nini, nikamwambia ni za kumbukumbu.

Baba yako asikuchanganye ukadhani tulikula njama. Amenisema. Alisema sasa nafuga waya, niutafutie na dume. Alisema hataki kuwa shahidi wa uongo, ndiyo maana ukipiga simu anachukua jembe anatoka hata kama ni saa ya chakula. Na Mama Imakulata, aliyekuja asubuhi ile kutusaidia kufukia, nilimwomba asiseme, na kweli hajasema. Ila kila asubuhi akifungua lile geti lake la bluu ananiuliza kwa sauti ya upole wale kondoo wa kwenye simu wameamkaje. Miezi sita, Pude! Nimemeza.

Ningemeza hata mwaka. Lakini wiki iliyopita uliposema umeshaandika barua ya kuacha kazi, na chumba umeshawaambia unahama, na kwamba mimi na wewe tutakuwa wafugaji wa kujulikana Katavi nzima, sikulala. Nilijiona nikikupokea stesheni na begi lako, na wewe unaniuliza wako wapi. Mshahara wako umeupata kwa kusoma, na baba yako aliuza ng'ombe watatu ili usome. Mimi siwezi kukufanya uuache kwa ajili ya majike wawili na mawe ya chumvi chini ya kitanda.

Kwa hiyo chana hiyo barua. Kama umeshaikabidhi, nenda kwa bosi leo, mwambie mama yako alikudanganya, usinisitiri. Mwambie hivyo hivyo. Nimeona aibu nyingi kuliko hiyo.

Jana nimemwita Ladislas tena. Ameng'oa waya wote wa mbele, tumeuhamishia zizini, tumezika chini shubiri moja kama ulivyosema, na nusu ya ziada. Alichimba akiwa anacheka peke yake, nikamwacha acheke. Watu waliokuwa wanapita walisimama wakaniuliza Mama Pude, wamekuibia fensi? Nikasema hapana, nimeing'oa mwenyewe, niliiweka mahali pasipo pake na fisi wakala kondoo wa mwanangu. Nilisema hivyo barabarani, mchana, mkutano wa watu kama saba. Mama Imakulata alikuwa anasikia. Baadaye alileta bakuli la karanga mbichi, akaniambia niziloweke kwanza, akarudi kwake.

Hao wawili wako salama sasa. Wanaonekana wadogo sana ndani ya waya wote ule, lakini wako salama. Dume usinunue. Mzee Manyanda kasema atatuazima wake ukifika msimu, nimeshamweleza na habari ya zile picha, alicheka mpaka akakaa chini. Vifaa vyako vyote viko, nimevipanga juu ya kabati, mizani tu ndiyo watu hawataki irudi ndani. Agosti ukipata likizo njoo, njoo kama mtu wa likizo, na tiketi ya kurudi mkononi. Tutahesabu upya tukiwa wote tunaangalia.

Baba yako anakusalimu na leo anasema amefurahi kukusalimu. Msalimie huyo bosi wako, na mama mwenye nyumba, umwambie chumba unakitaka bado. Ukimaliza kusoma nipigie. Ukitaka kunigombeza nitasikiliza mpaka salio lako liishe, na likiisha nitakupigia mimi ili uendelee.

Ni mimi mama yako,
Nyanzala Machibya