Mistari Mitano ya Mkono wa Mjomba

Bwawani, Jumanne, 4 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na macho yako hayajachoka kuchungulia ngozi za watu. Mimi ni mzima wa chuma, isipokuwa mkono wa kulia. Naandika kwa kushoto, kwa hiyo ukiona herufi zinayumba usidhani nimelewa.

Jana nilizama kusafisha wavu wa bomba linaloingiza maji ya bahari kwenye bwawa letu la kuogelea. Kazi hiyo hapa haiwezi mtu ila mimi. Mara nikachapwa. Konyeza, mwanangu, lile dude la majini laini kama kamasi, lisilo na mfupa wala haya. Ukubwa wake ni mwavuli wa kuwafunika watu wanne. Nikamkaba shingo, ingawa baadaye niliambiwa hana shingo. Alinipiga mijeledi mitano, na ninakuapia bwawa lenyewe lilihema.

Sasa sikia balaa. Msimamizi anasema hakuna konyeza, eti nimejimwagia dawa kali ya kusafishia vigae kwa kuwa sivai glavu, na kwa uzembe huo kazi sina tena mwisho wa mwezi. Nikamwambia wavu umetoboka, konyeza wengine wako ndani. Yeye na wafanyakazi wenzangu wakachungulia kutoka ukingoni, wakaona maji tu. Lakini konyeza si ndiyo rangi yake hiyo hiyo ya maji? Akanijibu mbele ya watu, "Nyangumi, wiki jana ulituambia pweza amekupa mikono minane kwa mpigo. Njia ya mwongo ni fupi." Wote wakacheka, na mimi nikacheka nao ili nisiachwe peke yangu.

Ila Jumamosi ya wiki ijayo watoto wa shule wanashindana kuogelea humo. Hilo halinichekeshi.

Mjomba wako,
Nyangumi


Kliniki, Alhamisi, 6 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mkono unaendeleaje, na usiku unalala? Sisi huku hatujambo, kazi tu. Barua yako dereva wa basi kaniletea leo, na hii anakurudishia yeye yeye.

Nisikilize vizuri. Hapa tuna mashine inayopiga picha ndani ya ngozi, tabaka kwa tabaka, bila kisu wala sindano. Konyeza akimgusa mtu humwachia vifuko vidogo mno, kila kimoja na uzi uliojiviringa ndani yake. Dawa ya vigae haiachi vifuko, inaunguza tu. Kwa hiyo mkono wako unaweza kusema wenyewe. Lakini ngozi ya juu hubanduka, na ushahidi huondoka nayo. Usisugue, usikune, panda basi la kesho.

Na nakuomba, daktari akikuuliza, mweleze bila chumvi. Ya baharini inatosha.

Mpwa wako


Bwawani, Jumapili, 9 Februari

Mpwa wangu, fundi wa mafundi,

Hujambo tangu tuachane? Mimi nimefika salama, ila dereva aliendesha kama ameiba basi.

Mpaka sasa sijatulia. Nimewasimulia wote hapa jinsi wagonjwa waliponiona kwenye foleni wakanipisha wenyewe kwa heshima. (Najua ulinipitisha wewe mlango wa nyuma. Hapa si lazima wajue.) Kile kimdomo cha mashine kilipobusu mkono wangu nikadhani kitauma, kumbe baridi tu. Halafu kwenye kioo ikatokea nchi nzima, mabonde na mashimo, kama mtu anavyoiona ardhi akiwa kwenye ndege. Ndege sijapanda, lakini naijua. Nikawaza, hii yote ni mimi? Miaka yote nimejisifu kwa vitu vya nje, kumbe ndani nina mambo makubwa hivi.

Sasa fanya haraka. Msimamizi amenipa mpaka Ijumaa nimletee karatasi ya daktari. Nikamwomba walau afunge bwawa kwa siku hizo, akasema hafungi bwawa kwa hadithi za Nyangumi.

Mjomba wako anayesubiri


Kliniki, Jumatano, 12 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mwasho umepungua. Soma barua hii ukiwa umekaa.

Daktari amesoma picha. Vifuko vipo, na nyuzi zake zimeonekana, nyingine zimechoma mpaka ndani. Ni konyeza, hana shaka. Karatasi yake nimeiambatisha, mpe msimamizi mkononi.

Lakini mjomba, umechapwa mistari mitatu. Ile miwili iliyo karibu na kiwiko haina kifuko wala uvimbe. Rangi imekaa juu juu tu, na chini yake ngozi ni nzima kama ya mtoto. Daktari alinitazama, nikatazama dirishani. Ile ni dawa ya kidonda ya kahawia, umeichora kwa njiti. Kidogo tuanze picha na hiyo miwili. Tungeanza nayo, tukaishia hapo, leo ungekuwa mwongo kwa karatasi yenye muhuri, na watoto wangeingia majini.

Ioshe kabla hujaenda kwa msimamizi. Mitatu inatosha, mjomba. Mitatu inauma.

Mpwa wako anayekupenda


Bwawani, Jumapili, 16 Februari

Mpwa wangu,

Salamu nyingi kuliko maji tuliyoyamwaga. Ndiyo, tumeyamwaga.

Niliosha. Nikaingia kwa msimamizi na mistari mitatu na karatasi. Alisoma mara ya kwanza amesimama, ya pili amekaa. Kisha akauliza, "Si ulisema mitano?" Nikamwambia mitatu. Nadhani hilo ndilo lililomwogopesha, Nyangumi kupunguza hesabu. Hapo hapo akafungulia maji yote yatoke.

Yalipopungua mpaka magotini tukawaona, wamejaa kwenye kona ya kina kirefu, wametepeta kama mifuko ya nailoni. Mkubwa wao alikuwa sawa na sahani. Muuza tiketi akaniuliza mwavuli wa watu wanne uko wapi, nikamwambia watu hao walikuwa wembamba. Kazi yangu ipo, wavu umeshonwa, na watoto watashindana mwezi ujao. Msimamizi mwenyewe aliniletea glavu.

Jambo moja tu. Siku ile, daktari alipotoka, nilijifanya nimesinzia. Nikakuona unapitisha mashine kwenye goti langu, lile kovu la chui niliyekusimulia ulipokuwa hujui hata kufunga viatu. Ulitazama kioo muda mrefu, kisha ukalifunika goti.

Basi nisamehe kwa kuuliza. Uliona nini?

Mjomba wako


Kliniki, Jumatano, 19 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi mpaka nimewasomea wenzangu, na daktari anakupa pole na hongera.

Kuhusu goti: mashine yetu haijawahi kuona kovu la chui, kwa hiyo haina cha kulinganisha. Hadithi ibaki ilivyo. Nikija likizo nataka kuisikia tena, na chui asipungue hata doa moja.

Mpwa wako