Intaneti ya Mama Mkwe Hukatika Kila Ijumaa

Kwako Shangazi wa ukurasa wa saba, shikamoo. Niazime sikio lako, maana jambo hili siwezi kumwambia mtu ofisini, wakijua watanicheka mpaka nistaafu.

Mimi ni fundi wa kompyuta katika ofisi ya bima, kazini wananiita Daktari, na sijisifu Shangazi, lakini kompyuta zilizokwisha kutangazwa marehemu nimezifufua nyingi. Sasa mama mkwe wangu ana karakana ya kudarizi nembo za shule kwenye sweta, na programu yake ya kuchorea nembo ni ya zamani, haikubali kompyuta za siku hizi, kwa hiyo aliponunua mpya nikamtengenezea kompyuta nyingine ndani yake, mashine pepe tunaiita sisi, yaani unafungua dirisha na humo mna kompyuta nzima ya kizamani inayodhani iko peke yake duniani, na humo ndimo anamochorea na kupokea barua pepe za walimu wakuu, akafurahi, akaniombea dua, na siku hiyohiyo akakaa kando yangu akiuliza hiki nini na kile nini, hata nikamwonyesha kisanduku chenye alama ya vema nikamwambia, "Mama, huu ndio waya wa mtandao wa hii ya ndani, ukiondoa vema hapa intaneti inakatika, kwa hiyo usipaguse," naye akajibu, "Sawa mwanangu, nimeelewa."

Tangu hapo sina Jumamosi. Kila Ijumaa alasiri simu inalia, ya nje ina intaneti ya ndani haina, njoo, na kwa simu haelekezeki kabisa, nikimwambia bonyeza pale anasema macho hayaoni, ingawa sindano anaitunga uzi bila miwani, basi asubuhi napakia mke na watoto, mwendo wa saa mbili barabarani, tukifika tunakuta vyungu vimeshaipuliwa na vitanda vya watoto vimetandikwa, nami naingia kazini.

Naungama, Shangazi. Mara ya kwanza nilihangaika saa tatu, nikabadilisha anwani za mtandao, nikaondoa kadi ya mtandao nikaiweka upya, nikamfokea kwa simu dada wa kampuni ya intaneti, kumbe ni vema tu limeondolewa. Kwa aibu nikalirudisha kimyakimya nikasema ulikuwa mnara. Wiki ya pili vema limetoka tena, nikasema ni joto. Ya tatu nikasema mashine bado inazoea nyumba. Sasa tumefika wiki ya saba na uongo umeniishia.

Jumamosi iliyopita nikafungua kumbukumbu za mashine, ambazo huandika kila tukio na saa yake, nikakuta waya unachomolewa kila Ijumaa saa tisa na dakika kidogo, kwa mkono wa mtu. Nikajua kikulacho ki nguoni mwako. Karakana ina watu wawili tu, mama mkwe na mshonaji wake aliyekaa naye kazini miaka kumi na mitatu, mama wa watoto wanne, na ingawa Ijumaa huondoka saa sita mchana, namshuku yeye, maana nani mwingine? Nilipomdokeza mama mkwe kwamba amwachishe kazi, chai ilimwagika kwenye kisahani, akasema, "Huyo mwache kabisa, baba. Hana kosa." Huruma imemzidi mama, tangu baba mkwe atutoke mwaka juzi amebaki yeye na saa ya ukutani, hana moyo wa kumfukuza mtu. Mke wangu nikimweleza anacheka na kunipa mgongo. Jumamosi hii naweka ushahidi mezani mshonaji aondoke. Je, niseme mbele yake, au nimwite mama mkwe pembeni?

Wako, Daktari

*

Marahaba, Daktari. Jibu hili lisome ukiwa umekaa.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa huruma, ya pili kwa kicheko. Waliosema akili nyingi huondoa maarifa nadhani walikuwa wamekutana na wewe. Umeandika mwenyewe kwamba mshonaji huondoka saa sita na waya huchomolewa saa tisa. Mkono wake una urefu gani? Ukimtoa huyo, karakana inabaki na mtu mmoja, anayetunga uzi bila miwani, ambaye ulimkalisha kando yako ukamfundisha kisanduku kilipo na kazi yake. Alikwambia ameelewa, nawe hukumsadiki.

Na hiyo ni hitilafu gani yenye adabu hivyo, inayongoja kazi ya wiki iishe na chakula kipangwe ndipo itokee? Mkeo alijua tangu mwanzo. Yeye amelelewa na huyo mama.

Nikuulize: kabla ya kompyuta hii, mlikuwa mkienda kumwona mara ngapi kwa mwaka? Hukuandika, na nahisi ninajua sababu. Mjane atampigiaje mkwewe simu aseme nyumba imekuwa kubwa, njooni? Angeona haya, nawe ungesema kazi nyingi. Lakini akisema mashine haina intaneti, Daktari anakuja mbio.

Mpaka hapo nilikuwa nacheka. Lakini la mshonaji silicheki. Ulitaka kumtoa kazini mama wa watoto wanne kwa sababu ilikuwa rahisi kumshuku yeye kuliko unayemheshimu. Ungeuweka ushahidi wako mezani, mama mkwe angelazimika kuungama mbele yako ili kumwokoa, na kuanzia siku hiyo asingekutazama usoni. Ungekuwa umetengeneza intaneti na kubomoa nyumba.

Sasa nisikilize. Kumbukumbu za mashine zifunge, wala usimtajie mtu. Mama mkwe asijue kamwe kwamba umejua. Mtu mzima hashikwi mkono hadharani. Alhamisi hii, kabla yeye hajapiga, piga wewe. Mwambie mnakuja kulala siku mbili, kompyuta usiitaje hata kidogo. Mshonaji ukimkuta, msalimu vizuri na umsifie kazi yake, maana una deni la dhambi kwake hata kama hajui. Na wiki ukishindwa kwenda, ukasikia intaneti imekatika, usinung'unike: pakia watoto, nenda, rudisha vema, laumu joto. Uongo huo nakuruhusu.

Usiniulize nimeyajuaje haya. Mkwe wangu ni fundi wa majokofu, kijana mwenye bidii sana, na langu limemshinda mwaka wa tatu huu. Leo asubuhi nimelichomoa tena. Wajukuu wanafika kesho.