Hodi Tatu Mlangoni mwa Bwawa

Mji Mkongwe
Jumamosi, 28 Juni 2025. Manyunyu tangu alfajiri, upepo wa kusi.

Kaka Salem,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Natumai huko Maskati u mzima na joto halijakushinda. Sisi hatujambo. Mwanao Wanu ameshanipita urefu, na viatu vyangu anavivaa bila ruhusa.

Naandika kwa sababu kwenye simu tunagombana. Nitaipiga picha barua nikutumie, nawe jibu vivyo hivyo.

Lile bwawa la ufukweni limefunguliwa. Taka za miaka thelathini zimetolewa, kuta zimepigwa chokaa, na kilango cha kuingizia na kutolea maji ya bahari kimetiwa nondo mpya. Wewe ulijifunzia pale. Mama na wenziwe waliidai Alhamisi mpaka wakapewa, alasiri hadi magharibi, kina mama peke yao. Walitundika kanga mlangoni, na kanga ikiwapo hakuna mwanamume aliyethubutu kuchungulia. Lilipofungwa nilikuwa na miaka sita, ndiyo maana sijui kuogelea hadi leo.

Alhamisi ya kina mama imerudi. Mwalimu ni msichana wa Kiwengwa, Khairat. Binti yako anataka kujifunza. Nimemlea tangu mama yake alipofariki, lakini ruhusa ni yako.

Mdogo wako,
Nadra


Maskati, 30 Juni

Mdogo wangu,

Waalaykumu salaam. Marahaba. Mimi mzima, ila joto la hapa linaoka mkate bila tanuri.

Eti bwawa! Mle nilimeza chumvi ya kutosha wali wa harusi. Haya, aende. Lakini kanga ikiwa mlangoni, mwanamume asikanyage ndani, hata mlinzi. Akiwa na haja apige hodi mara tatu. Asipoitikiwa, arudi zake. Ndivyo tulivyofunzwa. Nikisikia mwanamume amemwona mwanangu majini, atakuja kuishi na mimi huku, na hilo hatutalijadili.

Kaka yako,
Salem


Ijumaa, 4 Julai. Jua, baridi kidogo.

Kaka Salem,

Shikamoo. Afya zetu njema, nawe twakuombea.

Jana tulikwenda. Nimetundika kanga ya mama, ile nyekundu. Sharti lako nimemsomea mlinzi, Mbarouk, neno kwa neno. Akanijibu, "Bi Nadra, mimi hapa hata paka dume hapiti."

Wanu anaelea chali. Njiani aliniambia, "Shangazi, masikio yakizama, mji wote unanyamaza."

Mdogo wako,
Nadra


Maskati, 14 Julai

Nadra,

Salamu. Siku kumi huandiki. Nikipiga simu unasema Wanu amelala. Mtoto gani analala saa kumi za jioni? Jana nimempata, sauti imemkauka. Kuna nini? Usinifiche.

Salem


Jumanne, 15 Julai. Mawingu mazito, mvua haikunyesha.

Kaka,

Shikamoo. Wanu mzima. Naanza na hilo ili mengine uyasome umekaa.

Alhamisi, tarehe kumi, bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu, lilijaza bwawa hadi ukingoni. Magharibi ilipokaribia tulitoka, tukaingia chumba cha kubadilishia nguo. Mabomba yanamwagika, na mazungumzo ya kina mama unayajua. Wanu alirudi majini kufuata miwani yake. Bahari ilikuwa imeanza kupwa na maji yanatoka kwa nguvu. Pindo la gauni lake likavutwa, likanasa kwenye nondo za kilango. Alipiga ukelele mmoja. Khairat alikuwa ukingoni. Akajitosa, akazama kumnasua.

Mbarouk aliusikia ukelele. Akaja hadi kwenye kanga, akapiga hodi. Kimya. Akapiga ya pili. Kimya. Akapiga ya tatu, akarudi kwenye kiti chake.

Mimi nilitoka kutafuta mtandio. Nikaona mkono wa Khairat ukitokeza na kuzama. Sijui kuogelea, kaka. Nilikimbilia mlangoni, nikaivuta kanga ya mama ikachanika, nikipiga kelele, "Mbarouk, ingia! Ingia!" Akaruka na kofia yake na viatu. Alilikata gauni kwa kisu, akamtoa mtoto amempakata kifuani, hapumui. Khairat alimpulizia pumzi mpaka akatapika maji. Tulilala hospitali siku mbili. Mapafu sasa ni safi.

Sharti lako limevunjwa, na aliyelivunja ni mimi.

Mbarouk alikuja nyumbani. Hakukubali kukaa. "Bi Nadra, nimepiga hodi kama nilivyoambiwa. Lakini nnajiuliza, ningeitikiwa na nani?"

Wanu anataka kurudi. Mimi kila asubuhi huandika kwenye shajara saa niliyolala. Tangu tarehe kumi sina cha kuandika.

Nadra


Maskati, 17 Julai

Nadra,

Sikupigii, nisije nikasema nisichoweza kukirudisha. Nakuja mwenyewe kumchukua. Tiketi zetu mbili za kurudi nimeshakata. Mfungie sanduku. Siku ya kufika sikwambii.

Salem


Jumatatu, 21 Julai. Upepo mkali, bahari chafu.

Kaka,

Shikamoo. Sanduku liko juu ya kabati, na litakaa huko mpaka uje ulishushe mwenyewe.

Kilango kimewekewa wavu, na hakifunguliwi tena watu wakiwamo. Khairat ana filimbi. Ikilia, Mbarouk anaingia bila hodi. Wako kina mama walionuna. Nimewaambia wanune wakiwa hai. Kanga nimeishona. Alhamisi Wanu anarudi majini. Ukitaka kumkataza, mkataze uso kwa uso.

Mdogo wako,
Nadra


Ndani ya ndege, Jumapili, 27 Julai

Mdogo wangu Nadra,

Assalaam alaykum. Nyumbani kwako nilikula vizuri na sikusema kitu. Sasa nasema.

Alhamisi nilitoka uwanja wa ndege moja kwa moja hadi bwawani, nimejaa hasira. Nikaikuta kanga ya mama na mshono wako katikati. Nikapiga hodi. Kimya. Hata sauti ya maji sikuisikia. Mbarouk akaniambia, "Filimbi haijalia, bwana. Subiri." Yeye alisema vile huku akivua viatu.

Hodi ya pili sikuimaliza.

Nilipoingia, bwawa lilikuwa tupu. Nilisimama pale, Nadra, na sikuwa na sharti lolote duniani. Kisha vichwa vikaanza kutokea kimoja kimoja, nyie mnashindana kukaa chini ya maji! Nikakiona chako, wewe usiyejua kuogelea. Cha Wanu kilikuwa cha mwisho. Hapo ndipo kandambili ya kwanza iliponipata usoni, na bibi aliyeirusha akauliza mimi mtoto wa nani nisiye na adabu.

Kiti kilicho kando yangu kilikuwa cha Wanu. Nimekiwekea koti. Aendelee kuogelea.

Kaka yako,
Salem


Jumatatu, 28 Julai. Jua tangu asubuhi, bahari shwari.

Kaka Salem,

Waalaykumu salaam. Shikamoo. Nafurahi umefika salama. Kina mama wamekusamehe, isipokuwa Bi Mwanakheir. Anasema shabaha yake ilikuwa sikio.

Wanu ameficha funguo za sanduku na hataki kusema ziko wapi. Nami simuulizi.

Shajara iko wazi hapa mbele yangu. Ya jana nimeandika: saa tatu kasorobo, nimelala.

Mdogo wako,
Nadra