Baba Yake kwa Kifaransa

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Natumaini lifti za huko hazikukondeshi kwa kupanda ngazi kila zinapogoma. Mimi ni mzima, nakula na kulala. Hapo kwenye kulala nimekudanganya. Barua hii nimeituma karakana badala ya nyumbani, na ukimaliza kuisoma utajua kwa nini.

Kazi ya mapokezi hotelini si mbaya. Meneja anataka tujue Kifaransa, basi jioni nasoma katika chumba kilicho juu ya duka la viatu. Mwalimu wetu, mama mmoja mcheshi, alitwambia kila mtu alete picha ya familia. Unagusa sura unasema ma mère, mama yangu. Mon frère, kaka yangu. Kisha jirani yako anasimama na kulieleza darasa hao ni nani kwako: sa mère, mama yake; son frère, kaka yake. Lugha hiyo ina kiherehere! Huwezi hata kusema "yangu" kabla hujajua unachokitaja ni cha kike au cha kiume.

Jirani yangu ni muuguzi tunayemwita Kicheko. Anatoka mji ule unakokwenda kila mwezi kutengeneza lifti. Tangu siku ya kwanza darasa linatutania kuwa sisi ni mapacha, nasi tukawa tunaitikia. Akaweka picha mezani, akagusa sura moja, akasema mon père, baba yangu.

Baba, sura ile ilikuwa yako. Nikajipa moyo kwamba watu hufanana. Lakini ulikuwa umevaa sweta la kijani alilokufumia Mama, lenye kifungo kimoja cheusi kwa kuwa vya kijani vilimwishia. Lile ulilosema limeibwa kazini. Mama alilisikitikia wiki nzima!

Mwalimu akaniita. Nikasimama, nikakunyooshea kidole na kulitangazia darasa zima: son père, baba yake. Akanisifu kwa matamshi mazuri. Picha yetu ilikuwa mkobani, nikasema nimeisahau.

Tulipotoka nilishindwa kuvumilia, nikamwonyesha picha yetu pale ngazini. Kicheko alikaa chini palepale. Akaniuliza mama yangu aliolewa mwaka gani. Nilipomtajia, akasema mwaka huo yeye alikuwa ameshaanza kutembea, na mama yake alikuwa mke wako wa ndoa. Hilo ndilo lililonimaliza. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mwanamke aliyeingilia ndoa ya Mama. Kumbe aliyeingia kwa mwenzake ni Mama, naye hana habari!

Sijui nikasirike au nilie, kwa hiyo nafanya yote mawili. Jumapili tunakuja nyumbani, mimi na Kicheko. Mweleze Mama kwa mdomo wako kabla hatujapiga hodi. Ukinyamaza, nitamshika Kicheko mkono mbele ya Mama na kusema huyu ni dada yangu, na maswali yatakayofuata utayajibu wewe.

Wasalimie mafundi wenzako. Mama nitamsalimia mwenyewe.

Ni mimi,
binti yako wa pili