Udongo wa Kisauni Hauna Kosa

Kwa mume wangu Athumani, huko Tanga uliko,

Nakusalimu, na salamu nazifupisha maana nikizirefusha nitaogopa tena. Mara tatu nimeianza barua hii na mara tatu nimeitia motoni. Leo nimeketi mlangoni, wino umo kwenye kikombe cha kahawa, nikaapa sitainuka mpaka nimalize. Nimeshainuka mara mbili kwenda kutazama jiko ambalo halina moto. Na kuapa pia ningefaa niache, kama utakavyoona.

Unaikumbuka ile miezi nyumba yetu ya Likoni ilipokuwa ikinuka pwani nzima? Yule Bwana mkemia uliyekuwa ukimfanyia kazi alikuwa na banda lake karibu na kivuko, lakini mafuta ya taa yalikuwa ya kugawiwa kwa sababu ya vita, basi ukaniletea mwani nyumbani niuchemshe kwa kuni. Ulinieleza kwa subira ingawa nilikuwa nakucheka. Ulisema kuna faluda ngumu ya mwani ambayo madaktari huimwaga kwenye visahani vya kioo, wakaotesha vijidudu juu yake ili waujue ugonjwa. Ilikuwa ikitoka Japani, na tangu vita haiji tena, sasa Bwana anataka kuipata kwa mwani wetu. Nikakuuliza kama vijidudu navyo hupenda faluda yao iwe na iliki. Ulicheka hadi ukakohoa.

Mwani wetu uliganda vizuri, ila ulitoka na rangi ya chai, na shombo lake halikuondoka. Hapo ndipo ulipoanza mambo yako ya udongo. Ulisema udongo mzuri hunyonya rangi na harufu, ukiukoroga kwenye mwani ulio moto kisha ukachuja kwa kitambaa. Kila siku ya mapumziko ulitoka na mkoba begani, leo Magongo, kesho Kipevu, ukirudi na makopo ya maziwa yaliyojaa udongo, kila kopo na karatasi yake. Watu wakasema mume wa Mwanaisha ameanza kuchimba makaburi. Kopo la saba lilitoka kwenye kisima kilichokuwa kikichimbwa Kisauni, udongo wa kijivu, laini kama unga. Siku ulipochuja mwani wa kwanza kwa udongo huo ulipiga kelele mpaka nikadhani umeungua.

"Njoo, Mwanaisha, njoo uone! Kama maji ya mvua!"

Nami wakati huo nilikuwa na mimba, na udongo ule ulikuwa mtamu. Ukanikuta nyuma ya mlango nikiutafuna.

"Mke wangu, waula uchunguzi wangu!"

"Si mimi. Ni mwanao ndiye autakaye."

"Basi mwambie mwanangu ale kopo la tatu, lile halina faida."

Nilikupenda sana siku ile. Sijui kama niliwahi kukwambia.

Sasa nisikilize. Bwana alitaka kisahani kimoja kilicho tayari apeleke kwa wakubwa wake. Kikikubaliwa, kazi ingeendelea na udongo wako ungetumika. Siku ya kuchemsha wewe ulikuwa bandani. Bi Rehema jirani akachungulia uani, pua ameiziba kwa kanga.

"Jamani Mwanaisha, hicho mpikacho ni chakula ama ni mzoga? Mwenzio nina wageni leo."

Niliona haya. Kapu la ndimu lilikuwa pale pembeni, maana mimba ile ilinifanya nizifyonze mchana kutwa. Nikakata nne, nikazikamulia sufuriani kama ambavyo ningezikamulia changu au papa. Sikuwaza lolote. Mkono ulikwenda wenyewe, kama ulivyokwenda mkono wa mama na wa bibi: kitu cha baharini kikinuka, kitie ndimu. Shombo likapungua, Bi Rehema akashukuru, nikajiona fundi. Maganda nikayatupa jaani.

Ukaja, ukatia udongo, ukachuja, tukangoja. Mpaka alasiri mwani ulikuwa maji tu, maji safi yasiyoganda. Ukachovya kile kikaratasi chako cha buluu, kikageuka chekundu. Ukaniambia maana yake mna kitu kikali humo.

"Mwanaisha, hukutia kitu?"

"Sikutia."

"Hata kidogo? Niambie tu, sitakasirika."

"Wallahi, sikutia kitu."

Ndiyo hiyo, Athumani. Ndimu nne, na jina la Mungu juu yake. Nilikuogopa, ingawa hukuwa umenipa sababu hata moja ya kukuogopa.

Kinachonichoma ni ulichofanya baada ya hapo. Ulikoroga udongo kwenye maji matupu, ukachovya karatasi nyingine, ikabaki buluu. Udongo ulijitetea mbele ya macho yangu, nami nimesimama na mwiko. Ukakuna kichwa, ukasema huenda hubadilika ukikutana na mwani ulio moto. Wewe, uliyekuwa ukinigombeza nikisema "nadhani," uliiacha karatasi ukashika kiapo changu. Kesho yake, mbele ya Bwana na wafanyakazi wote, ukasema kwa kinywa chako kwamba kosa ni la udongo wako. Makopo yakamwagwa barabarani, kazi ikafungwa. Mwezi haukwisha, ukaenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya katani, mimi nina mimba ya miezi saba. Salamu moja tu ndiyo iliyonifikia tangu siku hiyo, na yule aliyeileta alisema, "Athumani asema hana cha kurudi nacho."

Mwanao ni msichana. Jina lake Zuhura, ana masikio yako, na ukimwacha peke yake anakula udongo.

Mimi situlii. Nafagia ua uliokwisha fagiwa, naanza kusuka mkeka nauacha, na ndimu siziweki tena ndani. Nilikwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani nikamwambia nimeapa uongo. Akasema kafara yake ni kulisha maskini kumi, na asiyeweza afunge siku tatu. Nimefunga. Nilidhani nitapata raha, nisipate, kwa sababu udongo wako ulibaki na jina baya.

Sasa nikwambie jambo. Kopo la saba halikumwagwa lote. Nilikuwa nimeliiba kidogo nikaficha kwenye kikapu cha nguo, la kutafuna. Wiki iliyopita niliokota mwani nikachemsha sufuria mbili, nikafuata ulivyonifundisha, kwamba kisibadilike ila kitu kimoja. Moja nikaitia ndimu, ya pili sikuitia. Zote mbili nikazitia udongo wako. Ya ndimu ilibaki maji. Ya pili iliganda, Athumani! Niliipindua sahani na faluda haikuanguka. Haina rangi, haina shombo. Nikaketi chini uani nikalia.

Bwana hayupo tena, na banda wamelijaza magunia. Sikuwa na wa kumwonyesha. Nikampelekea Bi Rehema ile sahani, nikamweleza yote tangu mwanzo, yeye na wageni aliokuwa nao. Walinitazama vibaya, na nilistahili.

Barua hii siigundishi. Mchukuzi wake anaijua, na nimempa ruhusa aisome njiani na ampe yeyote anayetaka. Wewe uliulaumu udongo wako hadharani, na sitaki kuutetea kwa siri. Unaweza kukasirika sasa, ile ahadi yako ya kutokasirika niliipoteza mwenyewe nilipokuficha. Lakini usiseme tena huna cha kurudi nacho. Ulikuwa umepata, nami ndiye niliyekupokonya.

Zikifika karatasi hizi kambini kwenu, mpe mtu azisome kwa sauti, mbele ya wenzako wote.

Mkeo, mama Zuhura,
aliyetia ndimu