Soketi ya Juu ya Paa

Gudele, Juba
Jumamosi, baada ya kufua

Mpendwa Baba,

Leo nitakuandikia yote, pamoja na yale ambayo Baba mdogo Lado ameniomba nisikuambie. Mama anajua ninaandika. Amechoka, nami nimechoka, kwa hiyo usitafute mwandiko mzuri.

Unakumbuka siku niliyokuletea chakula kwenye ile hoteli ya Nyakuron, ukanipandisha hadi juu ya paa la zege? Viyoyozi vilinguruma, nami niliogopa ukingo. Ulipima kutoka kwenye mashine hadi kwenye soketi, ukasema, "Isizidi mita saba na nusu, na iwe hapahapa juu. Fundi asivute waya kutoka chini kupitia dirishani." Ukabonyeza kitufe cha soketi, ikajizima. "Umeme ukivuja, hii inakata kabla fundi hajafa." Kisha ukataja kanuni ambayo watu husahau: soketi ya fundi isichukue umeme baada ya swichi ya kiyoyozi. Nilipouliza kwa nini, ulisema nifikirie mwenyewe. Nilipata jibu kabla hatujafika nyumbani, ukaninunulia mandazi.

Sasa jibu hilo nimeliona kwa macho. Tangu uende Gulu kutafuta kazi, Baba mdogo ndiye anayehudumia paa lile. Mvua iliharibu soketi yako, akaweka ya kawaida, isiyo na kitufe. Waya wake ulikuwa mfupi, basi akachukua umeme palepale kwenye kiyoyozi, baada ya swichi. Alhamisi alizima swichi ili afungue feni, na drili nayo ikazimika. Akaiwasha swichi tena ili drili ipate umeme, akaendelea kutoboa huku mashine nayo ina umeme. Umeme ukamrusha. Vidole viwili vimeungua, na mkono wa kulia haushiki kijiko.

Jana nilimwambia soketi ihamishwe.

"Ya Poni," akaniita kwa Kiarabu cha Juba, "wewe iko injinia sasa? Mimi iko napanda paa, wewe bado iko na nepi."

"Na leo mwenye kulishwa ni nani?" Mama akauliza, akampa kijiko kingine cha uji.

Baba mdogo alicheka hadi akapaliwa, lakini hakukubali. Baadaye, Mama alipotoka, alisema polepole, "Mzee mwenyewe, baba yako, akisema, mimi nabadilisha. Maneno ya mtoto, watu watanicheka."

Sikukasirika, Baba. Nilichoka tu. Najua ninachosema ni kweli, na ukweli huo hauna nguvu mpaka utoke kwako. Mwalimu wa fizikia anasema nikiendelea hivi ninaweza kusomea umeme. Labda siku moja watanisikiliza. Lakini Baba mdogo anapanda tena Alhamisi ijayo, mkono umefungwa kitambaa, kwa sababu feni bado iko wazi.

Jirani yetu anayekuletea barua hii atarudi Jumanne. Je, utampa mistari miwili tu, kwa mkono wako, ya kumwambia mdogo wako asiguse feni ile kabla hajahamisha soketi?

Binti yako,
Poni