Spana ya Baiskeli na Ngoma ya Bendi

Kawira mjukuu wangu,

Huku Ishiara tuko salama. Cucu, nyanya yako, amevuna pojo, ni magoti tu yanayomsumbua.

Umeniuliza ununue ufunguo upi wa kukaza ngoma za kanisa lenu. Mimi niliwahi kukosea. Nikiwa kwenye bendi ya shule huko Kaaga, asubuhi ya kwenda kupiga uwanjani Kinoru, ufunguo ulikuwa umepotea na ngoma yangu imelegea. Nikachukua spana ya baiskeli. Ilikuwa kubwa kidogo, nikalazimisha, pembe za bolti zikalika. Basi nikaipeleka ngoma karibu na moto, vile tulivyokaza ngoma za ngozi nyumbani. Lakini uso wa hii ulikuwa wa plastiki, ukajikunja.

Mwalimu wa bendi alinitazama, akasema, "Wewe utapiga ukingo wa ngoma." Nikapiga ukingo Kinoru nzima, wala sikukosa hatua.

Kwa hivyo usichague kwa macho. Fungua bolti moja, uende nayo dukani. Ufunguo wake utaingia bila kucheza, na vidole viwili vitatosha kuuzungusha.

Ukishakaza, nipigie simu, uiweke karibu na ngoma ukiipiga. Cucu anasema magoti yake yakisikia, yatainuka.

Guka, babu yako